Pua yake ni ya nani? Kisa cha mchoraji wa gerezani

Swali lake la kwanza lilikuwa la pua. Mtu alipokuja kumwomba amchoree mwanawe ambaye hajamwona miaka mitatu, na picha hana, Fundi alimketisha mbele yake, akatandaza kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji juu ya goti, akauliza: "Pua yake ni ya nani? Yako, au ya mama yake?" Mteja akijibu upesi, walihamia kwenye paji la uso. Akisita, Fundi aliweka kijiti chini akamwambia aende akafikiri, arudi kesho. Wengine walirudi macho yamevimba. Mmoja alirudi baada ya siku nne akasema, "Nimekumbuka. Ni ya shangazi yake."

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwa sababu nimechoka kusikia ikisemwa kwamba sanaa inawaponya wafungwa, kisha msemaji akamalizia kwa kuomba michango ya kununua rangi. Mimi nilinunua rangi, na nitaeleza zilifanya nini. Kwa miaka niliyomfuatilia mtu huyu, nilichokiona ni kwamba aliamka asubuhi kwa kuwa kulikuwa na mwenzake anayemngojea. Picha ilikuwa njia yake ya kungojewa. Ukilishika hilo, mengine yote katika kisa hiki yanaeleweka, pamoja na yale yaliyoharibika.

Mtu mwenyewe

Simtaji jina, wala gereza, kwa kuwa yeye yu hai na familia ya marehemu nayo iko. Wodini walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo. Kwao ni Busia, upande wa Uganda. Alikuwa taniboi, yaani utingo, wa malori: Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine Mbale, Soroti, kisha kaskazini. Mwaka 2013, akiwa na miaka 27, aligombana na mwenzake kwenye maegesho ya malori kwa sababu ya deni. Alimpiga spana kichwani. Yule mtu akafariki hospitalini siku ya pili. Fundi hakuwahi kukana kwamba alipiga, si mahakamani wala kwangu.

Alishtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo Uganda bado lina adhabu ya kifo katika vitabu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, wafungwa waliokuwa wamehukumiwa kifo, jaji halazimiki kutoa adhabu hiyo, na jina la mama huyo linatajwa magerezani kwa heshima. Hata hivyo mtu anayelala kwenye saruji akingoja kesi yake hapimi sheria kwa utulivu. Fundi aliniambia kwamba miaka miwili ya mwanzo alikuwa akiota kamba.

Alikaa rumande miaka minne. Katiba yetu, ibara ya 23, inampa mshtakiwa wa kosa kubwa haki ya dhamana akishikiliwa siku 180 kabla kesi yake haijapelekwa Mahakama Kuu. Yake ilipelekwa mapema, kwa hiyo ngao hiyo haikumfaa; kilichobaki ni kungoja kikao cha Mahakama Kuu kifike wilayani na jina lake liwemo kwenye orodha. Mwaka 2017, chini ya kanuni za makubaliano ya kukiri kosa zilizotolewa mwaka mmoja kabla, alikiri kuua bila kukusudia. Akapewa miaka 13, ikapunguzwa minne ya rumande, ikabaki tisa. Kwa msamaha wa theluthi anaopata mfungwa mwenye mwenendo mzuri, alitazamia kutoka 2023. Hesabu hii kila mfungwa anaijua kwa kichwa, hata asiyejua kusoma.

Nilikutana naye 2016, akiwa bado rumande. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kila Jumatano nilikuwa nikienda kufundisha kusoma na kuandika kwa kujitolea. Nilifundisha kwa Kiswahili, kwa sababu kwenye wodi moja walilala Wasamia, Wateso, Wapadhola, Wagisu, Wasoga na Wakaramojong, na lugha iliyowakutanisha ni ileile ambayo askari hutolea amri tangu enzi za mkoloni. Magereza yetu yamebeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Mahali ambapo mtu anageuka ubavu kwa amri, wote kwa pamoja, kwa kuwa nafasi haitoshi, lugha ya kuelewana si jambo dogo.

Fundi alikuwa ameishia darasa la tano. Alikuwa mkimya, mwepesi wa hasira, na wenzake waliketi mbali naye kidogo. Hakuwa msanii, hilo nalisisitiza. Siku moja nikisahihisha madaftari nikakuta pembeni mwa ukurasa wake amechora lori. Lilikuwa limetazamwa kutoka chini, ekseli, springi, paipu ya moshi, nati moja moja, kama linavyoonekana kwa mtu aliyelala chali kwenye lami akikaza bolti. Nimefundisha watoto miaka 31 na sijawahi kuona gari limechorwa hivyo, kwa sababu watoto huchora gari wanaloliona likipita. Huyu alichora gari aliloishi chini yake.

Jumatano iliyofuata nilimletea picha niliyoikata gazetini, ya michoro ya miamba ya Nyero kule Kumi: miduara ndani ya miduara, myekundu juu ya jiwe. Alikuwa amepita Kumi mara nyingi njiani kwenda Soroti, na Nyero iko kama kilomita 8 tu kutoka mjini, asijue. Aliishika picha ile muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo wageni wengi hawaulizi. "Mwalimu, udongo nimeuona. Waliugandisha kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nadhani ni vizuri sikuwa nalo.

Rangi za gerezani

Nyekundu aliipata upesi. Wafungwa wanaotoka kwenda shamba la gereza hurudi na murami, ule udongo mwekundu, kwenye miguu yao, naye aliwaomba waikung'ute kwenye kipande cha bati badala ya mlangoni. Aliusaga udongo, akauchuja kwa maji kwenye kopo: mchanga ukatua kwanza, akamimina maji mekundu kwenye kopo la pili, akayaacha yatuame usiku kucha. Tope laini la asubuhi ndilo rangi. Hakufundishwa na mtu. Alisema ndivyo utingo wanavyotenga dizeli na uchafu, kwa kuiacha itulie. Nyeusi ilikuwa masizi ya masufuria ya jikoni, ambako posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage vinachemka kila siku. Nyeupe ilikuwa chokaa iliyobaki ndoo ilipopita kupaka kuta. Baadaye, mfungwa mmoja aliyekuwa akichimba mtaro alimletea udongo wa manjano, akaupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Karatasi ilikuwa mifuko ya saruji. Ina tabaka kadhaa, na zile za ndani ni safi na imara ukishapangusa vumbi. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki mpaka nyuzi zikaachana.

Kugandisha ndiko kulikomtesa. Alianza na uji wa posho, na ulishika vizuri sana kwa wiki moja. Kisha mende wakaja usiku wakala uso wa mtoto wa mtu, wakaacha masikio. Picha ya pili ililiwa na panya. Akachanganya majivu, rangi ikapauka. Akachanganya chokaa, wadudu wakapungua lakini picha ikawa inapukutika ukiikunja, na mfungwa lazima aikunje picha yake kwa kuwa hana ukuta. Hatimaye mzee mmoja wa karakana ya useremala akampa kijiko cha gundi ya mbao, akamwambia aichanganye na maji mara tano. Ikashika. Miezi minane ilipita kati ya mende na kijiko kile cha gundi.

Ninaitaja hiyo miezi minane kwa makusudi. Mwanzoni mwake alikuwa mtu aliyekaa peke yake. Mwishoni alikuwa na watu wa shamba wanaomletea udongo, wapishi wanaomwekea masizi, seremala, na mtu wa mtaro. Kila mmoja alijiona ana sehemu katika picha ile na kila mmoja aliuliza, "Imefikia wapi?" Uhaba ndio uliomlazimu kuwaomba watu, na kuwaomba watu ndiko kulikomrudisha kwenye kundi. Nilikuwa nikiyaona haya kwa macho, wala sikuyaelewa mpaka nilipoyavunja mwenyewe.

Rangi nilizonunua

Mwishoni mwa 2017, baada ya hukumu yake, nilikwenda Kampala kwa shughuli zangu na nikanunua sanduku la rangi za chupa, brashi sita, penseli, na kipande cha lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, kwa kuwa nilikuwa nimeona wachoraji wa mjini wakichora juu yake. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa gereza. Nilikwenda nimejiandaa: Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 105 kwamba magereza yote yatakuwa na shughuli za burudani na utamaduni kwa ajili ya afya ya mwili na akili ya wafungwa. Mkuu yule alikuwa mtu mwelewa. Alisikiliza, akaruhusu. Nikatoka pale najiona nimefanya jambo kubwa.

Ndani ya wiki tatu watu wa shamba waliacha kuleta murami. Kwa nini walete, na mwalimu amemletea sanduku? Seremala alikataa kutoa gundi, akisema Fundi sasa ni tajiri. Chupa ya bluu iliibwa, ikapatikana, ikaibwa tena. Katikiro wa wodi, yaani mfungwa anayeongoza wenzake, akadai sanduku likae kwake kwa usalama, na kila kulifungua likawa na bei. Lubugo nalo lilileta maneno mazito. Fundi alianza kumchorea Mganda mmoja, mtu wa Buganda, uso wa bintiye juu yake, yule mtu alipoona akashtuka. Kwa Waganda lubugo ndilo wanalomzungushia maiti. "Unamvika mwanangu sanda?" Fundi hakujua, na mimi niliyejua sikufikiri.

Kisha ikaja ile iliyoniumiza zaidi. Penseli huisha ncha, na kichongeo sikuleta. Akaazima kipande cha wembe. Kwenye msako wa asubuhi kikakutwa ndani ya kitambaa chake. Wembe gerezani ni silaha, hakuna mjadala. Akafungiwa peke yake siku kadhaa, na kwa muda tuliogopa kwamba ule msamaha wa theluthi ungeguswa. Haukuguswa, lakini nisingeweza kujisifu kwa hilo. Miaka mitatu ya mtu ilining'inia kwenye penseli niliyoinunua kwa shilingi chache.

Alipotoka kule ndani hakunilaumu. Aliniomba tu, "Mwalimu, chukua sanduku lako. Niachie karatasi." Nikachukua. Yalipita majuma mengi kabla mtu wa kwanza hajakung'uta miguu yake tena kwenye bati.

Uso ambao hakuuchora

Lazima niandike na kosa langu la pili, kwa kuwa linagusa kile ambacho wahisani hupenda sana kukisikia. Mwaka 2018 nilimshauri amchore marehemu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtu akiutazama uso wa aliyemtendea ataweka mzigo chini. Nilimwambia kwa upole, kama mama.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Uso ule si wangu wa kuchora, mwalimu. Wenyewe wapo."

Nilielewa nilipofika nyumbani. Kazi yake ilikuwa na utaratibu: mwenye uso huja, huulizwa, hukubali au hukataa. Uso wa marehemu ulikuwa na mama, mke na watoto, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumwomba. Kuuchora ili yeye apate nafuu kungekuwa kumchukulia mtu yule kitu kingine tena. Sijui kama aliwahi kuuona usingizini, na sikumuuliza tena. Ila tangu siku ile sikubali kabisa usemi kwamba picha humsafisha mtu. Alikuwa na deni la damu alipoanza kuchora, na alikuwa nalo alipomaliza, na yeye mwenyewe ndiye aliyelijua hilo kuliko sisi wote tuliokuwa tukimtembelea.

Milango ilipofungwa

Machi 2020 korona iliingia, na kutembelea wafungwa kukasimamishwa nchi nzima. Nami nilizuiwa, na sikurudi darasani kwa muda mrefu. Ninayoyaeleza hapa niliyapata baadaye kutoka kwake, kwa wenzake wawili waliotoka kabla yake, na kwenye daftari lake.

Kabla ya hapo Fundi alikuwa akichora kwa kuangalia picha ambazo familia zilileta. Sasa picha hazikuja, wala mtu hakuja. Mtu wa kwanza kumwendea bila picha alikuwa kijana ambaye mke wake alikuwa amejifungua kabla tu ya kufungwa kwa milango. Mtoto alikuwa amemwona mara moja, kupitia wavu. Fundi akamwambia haiwezekani. Kijana akakataa kuondoka. Ndipo swali la pua lilipozaliwa.

Utaratibu wake ulikua wenyewe. Pua, paji, umbali kati ya macho. "Akicheka, fizi zinaonekana?" "Anapolala analala kifudifudi?" Hilo la mwisho halina kazi kwenye picha, nilimuuliza mbona alilihitaji. Akasema mtu akianza kujibu maswali yasiyo ya uso ndipo uso unapomjia. Alichora kwa masizi kwanza, akaonyesha, akafuta kwa kidole, akachora tena. Kikao kimoja kilichukua hata siku tano, na waliokaa karibu waliingilia. "Huyo ni mkubwa mno, si ulisema ana miaka miwili?" Wodi nzima ikawa inawajua watoto wa wodi nzima.

Malipo yalikuwa sabuni au sukari, na katikiro alipata mgao wake. Wako watakaokunja uso hapa. Mimi nasema malipo yalisaidia. Mfungwa aliyetoa nusu kipande cha sabuni hakuwa ombaomba mbele ya mchoraji, alikuwa mteja, ana haki ya kusema masikio hayafanani. Na mchoraji aliyelipwa alipaswa kurudia. Fundi alikuwa na sharti moja: asiye na kitu alilipa kwa udongo au kwa kutafuna brashi.

Daftari lake ninalo. Ni lile la mazoezi nililompa 2016, na kurasa za nyuma ndiko alikopanga foleni: jina la mteja, uhusiano, siku ya kuanza, alama ya vyema ikimalizika. Nimehesabu nyuso 63 kati ya Aprili 2020 na siku alipotoka. Mwandiko wake wa mwanzo ni herufi kubwa zinazoyumba, za mwisho ni mwandiko wa mtu mwenye haraka ya kazi. Kama mwalimu nakiri kwamba foleni ile ilimfundisha kuandika kuliko mimi.

Aprili 2020 Rais aliwasamehe wafungwa 833 ili kupunguza msongamano. Orodha iliposomwa jina lake halikuwemo, kama alivyotarajia. Aliniambia alisikitika siku hiyo, kisha usiku akajikuta anawaza jambo la ajabu: kama wangemwita, foleni angemwachia nani?

Kauli hiyo niliisikia 2023 na ikanifurahisha. Nilipaswa kuogopa.

Je, ni sanaa kweli?

Nimejiuliza kwa haki kama ninaikuza sanaa kupita kiasi. Huenda miaka yenyewe ndiyo iliyomtuliza. Alitoka kwenye ishirini na kitu akaingia thelathini na kitu, na damu hupoa. Huenda ni hofu ya kupoteza msamaha wa theluthi. Huenda ni ulinzi wa katikiro, maana mtu anayemwingizia mkubwa sukari haguswi. Yote hayo yalikuwepo. Kabla ya 2017 alikuwa amepigana mara mbili ninazozijua, baada yake sijasikia hata moja, na siwezi kusema kwa uhakika ni ipi kati ya sababu hizo iliyobeba uzito.

Lakini nina mtu wa kulinganisha. Kwenye darasa langu kulikuwa na mwingine, mwenye mkono mzuri kumzidi Fundi. Alisomea sanaa sekondari, akijua kivuli na umbo. Alichora mandhari, Ziwa Viktoria jua likizama, alizichora kwa ajili yake mwenyewe, na hakupenda mtu atazame kabla hajamaliza. Zilikuwa nzuri. Aliacha baada ya mwaka, akasema hazina mwisho wala mwanzo, na alibaki kwenye giza lake. Kipaji alikuwa nacho, muda alikuwa nao, hata karatasi ileile. Aliyemngojea amalize hakuwepo.

Ndiyo sababu nawaambia wenzangu wanaoingia magerezani kujitolea: kabla hujauliza wafungwa wapewe vifaa gani, uliza kazi yao itamfikia nani, na huyo mtu atarudi kuilalamikia? Maonyesho ya siku moja mjini, wageni wakinywa soda na kupiga makofi, hayampi mtu sababu ya kuamka Jumatatu.

Nje

Alitoka 2023, miaka 37, na mfuko wa plastiki wenye vijiti na kopo moja la udongo mwekundu. Nilimpokea mimi na kaka yake. Nilikuwa na matumaini makubwa. Nilikuwa nimemwambia Busia ni mji wa mpaka, watu ni wengi, hatakosa wateja.

Nje kila mtu ana picha za wanawe mia mbili kwenye simu. Hakuna aliyehitaji kuulizwa pua. Alijaribu kuandika mabango ya maduka, akakuta mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zimeshachukua kazi hiyo, kwa siku moja na kwa bei ndogo. Madereva waliomjua walimkwepa, na yeye hakutaka kwenda karibu na maegesho yale. Kwa miezi saba hakuchora chochote. Alilala mchana. Kaka yake alinipigia simu usiku mmoja akasema, "Mwalimu, huyu alikuwa mzima zaidi kule ndani." Sijawahi kusikia sentensi iliyoniumiza hivyo, kwa sababu ilikuwa ya kweli, na kwa sababu kwa miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameandaa mtu wa kumngojea upande huu. Mimi nilikuwa nimeandaa matumaini. Gereza lilikuwa limeandaa barua ya kutoka. Kama ningerudia, mwaka mmoja kabla ya siku ile ningeanza kutafuta watu watatu tu wenye haja halisi na mkono wake, niwaweke kwenye foleni, majina na tarehe, ili atoke akiwa tayari amechelewa kazini.

Aliyeokoa jahazi ni mama yake, wala hakuwa na nia ya kuokoa chochote. Baba yake Fundi alifariki miaka ya mwanzo ya tisini, Fundi akiwa mdogo, na picha ya pekee iliyokuwapo ilioza na maji ya mvua nyumba ilipovuja. Jioni moja mama alimwambia mwanawe, kwa hasira zaidi kuliko kwa upole, kwamba amewachorea wezi na wauaji watoto wao wote, na baba yake mwenyewe hana hata kivuli ukutani.

Fundi akaenda kukwangua sufuria.

Nilikuwepo siku ya tatu ya kazi hiyo. Mama ameketi kwenye mkeka, shangazi wawili wameitwa kutoka upande wa pili wa mpaka, jirani mzee aliyevua samaki na marehemu naye yupo. Wanabishana. Shangazi mkubwa anasema kaka yake alikuwa na kovu juu ya nyusi, mdogo anasema kovu lilikuwa la ndugu mwingine. Mzee anasema yeye hakumbuki uso, anakumbuka namna alivyokuwa akiinamisha kichwa akisikiliza, na Fundi akamgeukia huyo mzee kwa upesi nilioutambua. "Upande gani, baba? Wa kulia au wa kushoto?"

Nje ya mlango walikuwa wamesimama wanawake wawili wa kijijini, nilidhani wamekuja kwa mama. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kijana huyu anaweza kumtoa mtu aliyekufa kabla ya simu.

Ndani mama aliipokea karatasi, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Masikio yamezidi," akasema. "Rudia."